Sura ya Tano: Chuma cha Juu, Chuma cha Chini

Karibu kila anayefika Ndolezi hufanya jambo moja kabla mwongoza wageni hajafungua kinywa: hunyoosha mkono akakigusa. Kimondo cha Mbozi kimelala juu ya kiguzo cha zege kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, urefu wake kama mita 3, rangi yake kati ya weusi na hudhurungi, na ukikigonga kwa kokoto hakitoi sauti ya jiwe. Kinalia kama reli. Kwenye ncha yake moja kuna makovu ya watu waliojaribu kujikatia kumbukumbu, na hawakupata kitu kirahisi. Desemba 1930 mtaalamu wa idara ya jiolojia ya Tanganyika alitumia saa 10 na msumeno wa mkono kukata kipande cha sentimita 10 tu.

Nimesimama pale na wanafunzi wa sekondari zaidi ya mara moja. Madaftari hufunguliwa na yanayoandikwa ni yale yale: uzito, madini yaliyomo, jina la mpimaji ardhi W. H. Nott aliyekitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wanakijua kabla yake. Kisha madaftari hufungwa, picha hupigwa, na safari ya kurudi Vwawa huanza.

Siku moja kijana mmoja alinijia na malalamiko. Alikuwa amesoma mahali kwamba kimondo kina tani 12, pengine akakuta 16, na katika kitabu cha zamani 25. Alitaka kujua ipi ndiyo ya mtihani. Mizani ya malori iko Mpemba, karibu na Tunduma, na hakuna atakayekibeba kimondo mpaka huko. Basi tukatafuta kamba. Tulipima urefu, tukapima upana sehemu kadhaa, tukapima kimo. Kwa makadirio ya haraka ni mita 3 kwa 1 kwa 1, yaani mita 3 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu tani 7.8, kwa hiyo tukapata tani 23 na zaidi. "Mbona inakaribia ile 25?" akauliza. Kwa sababu tulikihesabu kama sanduku, na kimondo si sanduku: kimechongoka, kimebonyea, kimeliwa na kutu. Ukikikadiria kuwa mita 2 za ujazo, unapata karibu 16. Ukisema ni mita moja na nusu, unapata 12. Namba tatu zilizokuwa zikigombana zikawa ndugu wa tumbo moja, kila moja na namna yake ya kulitazama umbo. Sidai kwamba hivyo ndivyo walivyokokotoa wale walioziandika. Ninachojua ni kwamba yule kijana hakuuliza tena habari ya mtihani. Aliuliza kama tukikizamisha katika pipa kubwa la maji tungeweza kupata ujazo wake hasa, na pipa hilo lingehitaji kuwa na ukubwa gani. Kamba ile ilikuwa imemtoa kwenye hesabu ikampeleka fizikia, na njiani hakuona mpaka wowote.

Sura hii inahusu mipaka hiyo ya masomo, na kwa nini kazi ya mikono huivuka bila pasipoti. Nimechagua Mkoa wa Songwe, uliozaliwa 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, kwa kuwa ni mahali ambapo somo moja halitoshi kueleza hata jiwe moja.

Vyuo vingi vya Marekani vina mpango wa elimu ambao Kiswahili hakijaupa jina lililokubalika. Mwanafunzi husoma historia pamoja na kemia, falsafa pamoja na hesabu, fasihi pamoja na elimu ya viumbe, kabla ya kujifunga katika taaluma moja. Mimi nauita elimu pana. Asili yake ni orodha ya kale ya Ulaya: sarufi, mantiki, ufasaha, hesabu, jiometri, elimu ya nyota na muziki. Hizo ziliitwa elimu za watu huru, na maana yake ilikuwa wazi, kwamba kazi za mikono waliachiwa wasio huru. Tusiwacheke. Pwani yetu wenyewe neno mwungwana lilibeba mambo mawili kwa pamoja: aliyezaliwa huru, na mwenye adabu na elimu. Baadhi ya vyuo vya Marekani vilikuja kuliona kosa hilo. Chuo cha Berea, Kentucky, kilichoanzishwa 1855, humtaka kila mwanafunzi afanye kazi chuoni wakati anasoma.

Lakini Kiswahili hicho hicho kina shina jingine linalonipa moyo. Fundi, fundisha, mafundisho, kufundwa: yote ni ukoo mmoja, na mwanafunzi na mafunzo ni binamu zao wa karibu. Anayekarabati injini ya Scania kando ya barabara kuu Tunduma na anayesimama mbele ya ubao wanaitwa kwa maneno ya nasaba moja. Waliotuundia lugha hawakuona sababu ya kumtenga mwenye kujua na mwenye kutenda. Tuliowatenga ni sisi, kwa ratiba za vipindi.

Turudi kwenye chuma. Kile cha Ndolezi kilitoka juu, karibu asilimia 90 chuma na asilimia 8 hivi nikeli. Lakini Wanyiha wa Mbozi walikuwa na chuma chao kilichotoka chini. Kabla ya majembe ya viwandani kufika, waliyeyusha mawe yenye chuma katika matanuri marefu ya udongo, wakipanga mkaa na mawe kwa tabaka na kuacha hewa ijivute yenyewe kupitia matundu ya chini. Bonge lililopatikana lilisafishwa tena katika tanuri dogo kwa nguvu ya mivukuto, kisha mhunzi akalifua likawa jembe, shoka au mkuki. Mwaka 1965 watafiti kina Brock walichapisha makala ya kitaalamu juu ya uhunzi huo wa Unyiha. Wafipa, majirani wa ng'ambo ya Ziwa Rukwa, walikuwa na ufundi wa ukoo huo huo, na mabaki ya matanuri yao yanaonekana mpaka leo.

Sasa mtazame mwanafunzi wa sekondari wa Vwawa. Katika kipindi cha kemia anafundishwa jinsi chuma kinavyopatikana: tanuri la kiwandani, makaa ya mawe, chokaa, hewa ya moto, na milinganyo ya kukariri. Katika kipindi cha historia anafundishwa kwamba jamii za Afrika kabla ya ukoloni zilifua chuma, na anaandika majina ya makabila. Walimu ni wawili, madaftari ni mawili, na chuma ni kile kile. Hakuna anayemwambia kwamba mkaa wa babu yake ulifanya kazi ile ile inayofanywa na makaa ya mawe katika mchoro wa kitabu, yaani kuinyang'anya miamba oksijeni yake. Anahitimu akiamini kwamba kemia ni ya wageni na mababu ni wa makumbusho. Hilo linaniuma kuliko uchache wa maabara.

Kuna mahali hapa nchini ambapo madaftari hayo mawili yalifunuliwa pamoja. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mtaalamu wa metali, walifanya kazi na wazee wa Kihaya, Kagera. Schmidt alikuwa amechimba matanuri ya kale, akakuta mavi ya chuma, vipande vya mirija ya udongo na alama za matete yaliyoungua. Angeweza kuandika kitabu kwa hayo tu. Badala yake wazee waliombwa wajenge tanuri na kuyeyusha. Kwa miongo mingi hawakuwa wameifanya kazi hiyo, kwa sababu vyuma vya Ulaya viliiua, hivyo ilibidi mikono ikumbuke kile ambacho kinywa hakikuweza kueleza: udongo gani, mti gani wa mkaa, matete ya kinamasi yachomwe kiasi gani kabla ya kutandikwa kwenye shimo la tanuri. Schmidt na Avery waligundua kwamba mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Walichapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1978. Wataalamu wengine walibishana nao vikali kuhusu kiasi cha joto na faida ya mirija hiyo, na ubishi huo ni mzuri, maana ulifanyika juu ya tanuri lililowaka kweli, lenye vipimo.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeweza kufika peke yake. Mwanaakiolojia alijua tarehe lakini si joto. Mtaalamu wa metali alijua joto bila kujua matete. Wazee walijua matete, ila hawakuwa na haja ya kupima. Kilichowakalisha chini pamoja ni tanuri. Mkutano juu ya "ushirikiano wa taaluma" usingetosha, kwa sababu mkutanoni kila mtu hurudi na alichokuja nacho. Katikati ya miaka ya 1980 Schmidt alishiriki kuanzisha ufundishaji wa akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na miongoni mwa waliopita humo ni Bertram Mapunda, ambaye baadaye alichunguza uhunzi wa chuma wa Ufipa. Moto ule wa Kagera ulisogea kusini mpaka mlangoni pa Songwe.

Msomaji wa umri wangu atakuwa ameshaanza kuniwekea pingamizi. Atasema: hayo tuliyasikia, tukayafanya, tukachoka. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na shule zote zikawa na mashamba. Ni kweli. Nimelisoma andiko lile mara nyingi, na kila mara nashangaa jinsi lilivyo tofauti na kile nilichokiishi. Mwalimu alitaka shamba liwe sehemu ya masomo. Wanafunzi washirikishwe kupanga, waijue mbolea kwa kuitumia na kuona matokeo, waamue nini kifanyike na mapato, waonje faida na hasara ya uamuzi wao wenyewe.

Mimi nililima shamba la shule miaka yote ya msingi. Sikuwahi kuambiwa lilikuwa na ekari ngapi. Hatukupima mstari hata mmoja kwa kamba ya mwalimu wa hesabu, na mahindi yalipovunwa yalipakiwa kwenye gari, nasi hatukujua yalikuwa magunia mangapi wala yaliuzwa kwa bei gani. Aliyechelewa namba alipewa matuta kumi, na aliyeongea darasani akapewa ishirini. Jembe likawa fimbo. Tulimaliza darasa la saba tukiwa na hakika moja, kwamba elimu ni njia ya kulikimbia jembe. Mikono ilikuwepo, na jasho lilikuwepo tele. Kilichokosekana ni swali.

Ndiyo maana nayatazama mageuzi ya sasa kwa matumaini yenye hofu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali, na mtaala mpya ulianza kuingia shuleni 2024. Kwamba ufundi umepewa heshima ya kuwa njia kamili ya elimu ni jambo kubwa. Hofu yangu iko kwenye neno "mikondo". Maji ya mikondo miwili yanaweza yasikutane tena. Kijana wa amali atakayechomelea geti bila kujua kwa nini chuma hupanuka, na kijana wa jumla atakayeandika mlinganyo wa upanukaji bila kuwahi kuona geti lililopinda, kila mmoja atakuwa amepata nusu mkate. Na katika nchi hii tunajua ni nusu ipi itakayodharauliwa.

Mtu akiniuliza nianzie wapi, simpeleki maabara. Nampeleka kwenye kahawa.

Mbozi ni nchi ya arabika. Msimu ukifika, kwenye mitambo ya vikundi na vyama vya ushirika, kahawa mbivu humwagwa ndani ya maji, na kitu cha kwanza kutokea ni fizikia: punje nzuri huzama, zilizoliwa na wadudu au kukosa kujaa huelea na kuenguliwa. Kisha humenywa, na punje hubaki na utelezi. Zikiachwa kwenye tangi, viumbe wasioonekana huula ule utelezi. Itachukua muda gani? Hapo saa ya ukutani haitoshi. Usiku wa Mbozi ni wa baridi, na baridi huwachelewesha viumbe wale. Kinachokubalika wilayani pengine si sahihi kwa kijiji kilicho juu zaidi au chini zaidi. Mama mzoefu huchota konzi ya punje, huzisugua kiganjani, na husikiliza. Zikiteleza, bado. Zikikwaruza kama changarawe, tayari. Akichelewa, kahawa inachacha, na mwonjaji wa mnadani atalijua kosa lake bila kumjua yeye.

Hebu fikiria muhula mzima uliojengwa juu ya tangi hilo. Darasa la biolojia linachukua vipimajoto na kuandika halijoto ya tangi kila saa mbili, usiku na mchana, na kulinganisha na kiganja cha mama. Kiganja kitashinda siku za mwanzo. Darasa la hesabu linapima: kilo 5 au 6 za kahawa mbivu zinatoa kilo moja ya kahawa ya maganda, na hiyo nayo ikikobolewa inapungua kwa karibu moja ya tano. Je, mkulima aliyeuza mbichi njiani amepoteza kiasi gani? Darasa la jiografia linafuata maji machafu ya kumenyea yanakoteremkia, na nani anayateka huko chini. Wa historia wanauliza wazee wao lilifikaje zao ambalo wengi wetu hatulinywi. Na wa lugha wana kazi ngumu kuliko wote: kuandika kwa Kiswahili kinachoeleweka, ukurasa mmoja, nini kifanyike usiku wa baridi kali, kisha kumsomea yule mama aamue kama ni kweli.

Karibu na Vwawa, pale Mbimba, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ambapo miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani huzalishwa kwa vikonyo. Kupanda kikonyo kinachoota mti pacha wa mama yake, kando ya mbegu isiyotoa uhakika huo, ni somo la urithi ambalo hakuna mchoro ubaoni utakaolifikia. Umbali kutoka shule kadhaa ni mwendo wa miguu.

Tunduma nitaipitia haraka, ingawa ingestahili kitabu chake. Kwenye stesheni ya TAZARA, mpe mtoto rula. Kati ya chuma na chuma atapata milimita 1,067. Akienda siku moja Dodoma akaipima reli ya kati ya zamani, atapata 1,000. Tofauti ni upana wa vidole vitatu au vinne, lakini kwa vidole hivyo mabehewa ya reli moja hayawezi kupita kwenye nyingine, na mizigo hushushwa na kupakiwa upya Kidatu. Kwa nini walijenga hivyo? Kwa sababu reli za Zambia na za kusini zilikuwa na upana huo. Kwa nini basi Zambia, iliyokuwa na njia ya kusini, ikahitaji kilomita 1,860 za reli mpya mpaka Dar es Salaam, zilizojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kuanzia 1970 mpaka 1975? Kwa sababu mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia utawala wao, na shaba ya Zambia ikawa mateka. Rula imefika kwenye ukombozi wa kusini mwa Afrika. Na wale vijana wanaobadilisha fedha upande wa pili wa barabara, ambao wengi wetu huwaita walioacha shule, Januari 2013 Zambia ilipoifutia kwacha sifuri tatu, walilazimika kufanya hesabu za noti za zamani, noti mpya na shilingi kichwani, mteja akiwa na haraka. Sijui darasa la kawaida lingewapa alama gani.

Nimalizie kaskazini, bondeni, Ivuna. Kule Momba, ukielekea Ziwa Rukwa, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezitumia kwa karne nyingi. Wanaakiolojia waliochimba pale walikuta vigae vya vyungu na mabaki ya kazi ile ile: kukusanya udongo wenye chumvi, kuuchuja kwa maji, kuyachemsha maji mpaka chumvi ibaki. Tarehe 16 Desemba 1938 kilidondoka Ivuna kimondo kingine, kidogo, chenye uzito wa gramu 700 na ushee. Huwezi kukilinganisha na dude la Ndolezi. Hakina mng'ao wa chuma. Ni cheusi, laini, karibu kama udongo mkavu, na madini yake yana maji ndani yake, maji ya tangu jua lilipokuwa changa. Ni katika kundi adimu kabisa la vimondo, vyenye mchanganyiko wa asili unaofanana na wa jua lenyewe ukiondoa gesi, na wanasayansi wa dunia nzima hulitaja kundi hilo kwa herufi mbili, CI. Ile I ni Ivuna. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta duniani mchanga wa sayari ndogo ya Ryugu mwishoni mwa 2020, wataalamu waliuchambua na kukuta unafanana sana na jiwe lililodondoka Momba.

Sehemu kubwa ya jiwe hilo haiko hapa. Kipande chake kiko kwenye makumbusho ya London. Lakini chemchemi ziko, na udongo wa chumvi uko, na ujuzi wa kuuchuja uko. Ningependa kuliona darasa la Ivuna likikaa kando ya chungu kinachochemka, mzee akieleza kwa nini udongo wa mahali hapa una chumvi na wa hatua kumi kule hauna, mwalimu akiwa na kipimajoto na mzani mdogo, na mtoto mmoja akitazama ule weupe unaoganda ukingoni mwa chungu, kisha akiuliza kama na lile jiwe lililotoka juu, lenye maji ndani yake, lingeacha chumvi kama hii lingechemshwa.

Mwalimu asijibu upesi. Aongeze kuni.